Sahani ya Mtu Mmoja

Mluzi ulitangulia. Ulipanda kutoka bondeni, ndani ya ukungu wa asubuhi wa Njombe ambao ukinyoosha mkono huvioni vidole vyako, na mama, aliyekuwa akipembua maharage mlangoni, akainua kichwa kwa hasira.

"Nani huyo anayepiga mluzi mbele ya nyumba za watu asubuhi yote hii?" alisema. "Hana kwao?"

Mluzi uliendelea kupanda. Ulikuwa na sauti mbili, ya kwenda na ya kurudi, nyembamba kama upepo unaopita kwenye ufa wa dirisha. Ulisimama, ukaanza tena, ukasimama. Kisha ukungu ukatoa koti, na ndani ya koti alikuwamo baba yangu, mdomo ameufumba. Sauti ilikuwa inatoka kifuani mwake.

Alikuwa anarudi kutoka migodi ya dhahabu ya Chunya, alikopasua mwamba tangu mimi ni mtoto wa kubebwa mgongoni. Lori moja lilimshusha Makambako, jingine likamfikisha mjini, na kutoka mjini hadi kwetu kwenye mteremko wa Mjimwema akaja kwa miguu, akiegemea kila mti aliokutana nao. Nilipompokea mzigo nilishangaa ulivyokuwa mwepesi. Nilipomshika mkono nilishangaa zaidi. Mkono ulikuwa mwepesi kuliko mzigo.

Wakati huo, enzi ya Mwingereza, nilikuwa msichana mkubwa. Nilikuwa nimemaliza shule ya kati na nilikuwa nyumbani nikingoja kuitwa kwenye mafunzo ya ualimu. Kungoja kunampa mtu macho. Niliyaona mambo ya nyumbani kwetu mwaka ule kwa ukali ambao mpaka leo haujanitoka, na nikiyaandika bado ninauma meno.

Tulimpeleka baba hospitali ya serikali. Mganga aliyempima alikuwa mtu wa mbali, anayesema Kiswahili cha haraka, na baba, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha mgodini, alimjibu kwa maneno mafupi ili asiimalize pumzi.

"Mzee, ukishiba unajisikiaje?"

"Nikishiba nakufa."

"Na ukiwa na njaa?"

"Nakufa polepole."

Mganga akacheka, halafu akaona kwamba baba hachezi. Alikuwa amekwisha kuyachunguza makohozi yake. Hakikuwa kifua kikuu, alisema, na kwa hilo tumshukuru Mungu. Lilikuwa vumbi la mawe, lililoingia mapafuni na kukaa humo na kuyafanya magumu kama ngozi iliyokaushwa juani. Dawa ya kulitoa hakuna, si hapa, si Ulaya.

"Lakini huyu haliwi na vumbi peke yake," alimwambia mama. "Njaa inalisaidia vumbi kumla. Mtazame. Kupumua kwake ni kazi, kama kulima. Analima mchana na usiku, hapumziki. Mtu anayelima hivyo asipokula, anajila mwenyewe."

"Anakula, Bwana Mganga. Jioni anakula na wenzake."

"Anakula mara ngapi?"

"Si nimesema? Jioni."

Mganga akachukua kitambaa akakitandaza kwenye ubao wa meza, akaweka ngumi chini yake na ngumi nyingine juu. Alituonyesha kwamba kati ya tumbo na mapafu pana kiwambo. Tumbo likijazwa mno linakisukuma juu, na mapafu ambayo tayari hayana nafasi yanabanwa. Kwa hiyo ale kidogo, apumzike, ale tena kidogo, tangu asubuhi hadi jioni. Akae wima anapokula. Chumvi aipunguze, maana miguu imeanza kuvimba. Na hicho kidogo kiwe chenye nguvu: mayai, maziwa, karanga, dagaa, mafuta.

"Na uji mwepesi je?" mama aliuliza. Ndio tuliokuwa tukimpa kila alipozidiwa.

"Uji mwepesi, mama, ni maji yaliyopita karibu na unga."

Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha ya kijinga. Niliona jambo limekwisha. Hakuna sindano ya kununua, hakuna safari ya kwenda mbali. Ni mayai, na kuku tulikuwa nao. Ni maziwa, na baba mkubwa alikuwa na ng'ombe. Ni kula kidogo kidogo. Nani atashindwa kula?

Nilikuwa nimesahau kwamba kwetu mwanamume hali. Kwetu wanaume wanakula.

Nyumba zetu zilikuwa za ndugu, zimekaa pamoja mteremkoni, na ya baba mkubwa ikiwa juu. Kila jioni kila mke alipika ugali wake na mboga yake, akazifunika, akazipeleka kwa baba mkubwa. Wanaume waliketi humo kuizunguka sahani moja, wakaimaliza, ikaletwa nyingine, na hivyo hivyo mpaka chakula cha kila nyumba kimeonjwa na kila mkono. Hapakuwa na mke aliyeweza kupika vibaya bila kujulikana, wala mtoto wa kiume wa jirani aliyeweza kulala na njaa. Ulikuwa utaratibu mzuri. Nausema uzuri wake kwanza ili nisidhaniwe ninaudharau.

Lakini ulikuwa utaratibu wa watu wenye pumzi. Mikono ilikwenda haraka. Baba alimega, akatafuna, akameza, kisha akalazimika kuuacha mkono magotini na kuvuta hewa, na wakati akivuta hewa sahani ilikuwa inaisha. Mwanzoni alijaribu kwenda nao. Alibugia matonge mfululizo kama mtu anayejaza gunia mvua inakaribia, na usiku kucha tulimsikia ameketi kitandani akihangaika. Baadaye akaacha kujaribu. Na hapo ndipo upendo wa baba mkubwa ulipoingia, na upendo huo ndio nisioweza kuusamehe. Alipoona mdogo wake hali, aliwazuia wengine mikono, akakata pande la mwisho la ugali, kubwa kama tofali, akalisukuma mbele yake.

"Maliza, mdogo wangu. Utapona kwa kula. Mgonjwa ni wa kushibishwa."

Nani atamkatalia kaka yake mkubwa mbele ya watu? Baba alimaliza. Alirudi nyumbani amejishika ubavu, amegeuka rangi ya majivu, na baba mkubwa akaenda kulala akiwa ameridhika kwamba ametenda wema.

Na kulikuwa na shangazi. Shangazi, dada yao wa kwanza, alikuwa ameuguza vifua vingi, na sheria yake ilikuwa moja: chochote chenye utelezi kinazaa makohozi. Mayai yanateleza. Maziwa yanateleza. Mafuta ndiyo kabisa. Alipomkuta mama akivunja yai kwenye bakuli alilishika lile bakuli kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu.

"Wifi, unataka kumziba kaka yangu?"

"Mganga ndiye aliyesema."

"Mganga huyo anamzika nani akikosea? Atakuja huku kuchimba?"

"Shangazi," nilisema, "yai haliendi mapafuni. Yai linakwenda tumboni."

"Umeliona likienda?"

Sikuwa nimeliona. Yai lile walipewa watoto.

Mama hakuwa mwanamke wa maneno mengi. Siku iliyofuata, wanaume walipokwenda mashambani, alimpikia baba njegere zilizopondwa kwa karanga na kumwekea mbele yake, nyumbani, mchana kweupe, katika sahani yake. Baba aliitazama ile sahani kwa muda mrefu.

"Mimi nimezaa?" aliuliza.

"Nani kasema umezaa?"

"Basi mbona unanilisha kila mara kama mzazi? Leo uji asubuhi, saa hizi njegere, baadaye utaniletea mchuzi wa kuongeza maziwa?"

Tulicheka, hata yeye alicheka mpaka akakohoa. Lakini hakula. Kwetu, anayekula peke yake, na kula tena kabla ya jioni, ni mwanamke aliyejifungua au ni mtoto. Mwanamume mzima akifanya hivyo ana jina lingine, na jina hilo halisemwi kwa sauti. Anayejificha na chakula, watu husema, hakosi kuwa na kingine anachokificha. Mtoto wa jirani akiugua, wa kwanza kutazamwa ni yeye.

Mahali pa pekee ambapo angeweza kula bila kuonwa ni jikoni kwa mama. Tukamweka huko, kwenye kigoda, kati ya mafiga na simbilisi, vile vinyama vya kufugwa vidogo kuliko sungura, waliokuwa wakikimbizana chini ya kichanja. Alipokea bakuli kwa mikono miwili, akala vijiko vichache, na moshi wa kuni mbichi ukamfuata kama mbwa anayemjua bwana wake. Alitoka akitambaa. Niliketi naye nje nikimpigapiga mgongo, nikiwaza jinsi Mungu alivyotupa chakula na hewa, nasi tukavitenga, kimoja tukakiweka mahali ambapo kingine hakipo.

Ndipo nikagundua miwati. Nyuma ya shamba letu la viazi palikuwa na kijishamba cha miwati, ile miti ambayo watu wa kampuni walinunua magome yake ya kutengenezea ngozi, na chini yake palikuwa pakavu, pana hewa safi, hapaonekani kutoka nyumba yoyote. Baba akawa anakwenda huko "kutazama miti." Mimi nikawa ninakwenda "kutafuta kuni," na ndani ya kikapu, chini ya kanga kuukuu, palikuwa na bakuli. Viazi vilivyopondwa kwa maziwa ya mgando. Yai. Dagaa wa Ziwa Nyasa, waliopandishwa na wachuuzi kutoka Lupingu, tuliowaloweka kwanza ili kutoa chumvi. Siku nyingine mchuzi mzito wa simbilisi.

"Simbilisi ni nyama ya watoto," alinung'unika mara ya kwanza, akinyonya kifupa.

"Basi rudisha."

"Nimesema ni ya watoto. Sijasema si tamu."

Alikula akiwa ameegemea shina, mgongo wima, akapumzika, tukazungumza, akala tena. Sikuwahi kuwa na baba kabla ya miwati ile. Aliniambia jinsi mwamba unavyolia kabla ya kupasuka. Na mwili wake ukaanza kurudi. Ulikuja taratibu, kama mtu aliyefukuzwa anayechungulia kwanza kama bado anatakiwa. Mashavu yakajaa kidogo. Mkanda ukahama tundu. Jumapili moja alipanda kilima cha kanisani akasimama njiani mara chache tu, na mama alitembea nyuma yake akijifanya anafunga kilemba, kwa sababu alikuwa analia.

Kifua hakikupona. Kilikuwa kile kile. Nalisema hili kwa sababu watu hupenda habari za kupona. Mapafu yalibaki magumu, lakini mwenye mapafu alipata nguvu za kuyabeba, na tofauti hiyo ni kubwa kama iliyopo kati ya kutambaa na kutembea.

Shangazi ndiye aliyetukuta. Alikuwa anafuata mbuzi aliyepotea. Hakupiga kelele, na ingekuwa heri angepiga. Alimtazama kaka yake ameketi peke yake chini ya mti, na bakuli mapajani, na mdomo unang'aa mafuta. Kisha akageuka akaenda, akamwacha mbuzi.

Jioni ile baba mkubwa aliita kikao. Sisi wanawake tulikaa karibu na mlango.

"Nimeambiwa una sahani porini," alisema, naye hakuwa na hasira, alikuwa na aibu, na aibu ya mtu mkubwa inatisha zaidi. "Nikasema si kweli. Mdogo wangu anakula hapa, mkononi mwangu. Ni kweli?"

"Ni kweli, kaka."

"Tumekunyima?"

"Hapana."

"Chakula chetu kina sumu?"

"Hapana, kaka."

"Basi niambie niwajibu nini watu. Mwaka huu watoto wawili wa jirani wana homa. Wataanza kuuliza ni nani anayekula peke yake msituni."

Baba alifungua mdomo, akavuta hewa ya kujibia, na hewa haikutosha. Nami sikuvumilia. Nilisimama. Nilieleza habari za kiwambo. Nilikunja ngumi mbili kama mganga, moja chini, moja juu, mbele ya wanaume wote. Nilisema kila pande la ugali wanalomsukumia linamnyonga. Nilisema awekewe sahani yake, pale pale katikati yao, ale kwa mwendo wake, aache, arudi tena. Si kujificha, ni mbele ya macho yao. Hivyo tu. Sahani moja zaidi.

Waliniacha nimalize. Halafu baba mkubwa akasema kwa upole, "Shule imekufundisha kiwambo, mwanangu. Haikukufundisha kuketi?"

Walicheka. Niliketi. Nikamtazama baba, nikingoja aseme neno moja, nalo neno lilikuwa rahisi: niwekeeni. Aliinamisha kichwa, akanyoosha mkono kwenye sahani ya wote.

Basi tukarudi tulikotoka. Mkanda ukarudi kwenye tundu lake, kisha mama akalazimika kutoboa jingine. Maziwa yalisimama, kwa kuwa ng'ombe walikuwa wa baba mkubwa. Mimi nilizunguka na kikapu kitupu nikiwa na hasira na kila mtu: na shangazi na sheria yake ya utelezi, na wanaume na kicheko chao, na zaidi ya wote na baba, aliyepasua mwamba maisha yake yote akashindwa kulipasua hili.

Kipindi cha kuvuna viazi tulikwenda Makambako, mimi na baba, juu ya lori lenye magunia yetu. Makambako ya siku zile ilikuwa njia panda na vumbi, na malori yanayopumzika kabla ya kuendelea Iringa au Mbeya. Tulipouza, baba akasema amechoka, tukaingia katika hoteli ya madereva, kibanda cha mabati chenye benchi na meza ndefu. Mwenyeji wake alikuwa mama mmoja mnene mwenye sauti ya kuita ng'ombe.

"Karibuni! Kamwene! Mzee, wali au ugali?"

"Wali. Nusu sahani."

"Nusu? Nusu nyingine nimpe nani?"

"Niwekee. Nitaila baadaye kidogo."

Nilijikaza, nikingoja kicheko. Yule mama akapandisha bega, akapakua nusu, akafunika nusu. Akaweka maharage yenye mafuta na kipande cha nyama. Baba alikula. Alipochoka aliweka kijiko chini, akaegemea ukuta, akavuta hewa, akatazama. Mezani walikuwapo madereva na mataniboi wao na mchuuzi mmoja wa nguo. Kila mmoja alikuwa na sahani yake mbele yake. Mmoja alikula mbio, mwingine aliacha nusu akaenda kutazama gurudumu, akarudi akaendelea. Hakuna aliyemtazama mwenzake.

"Unaona?" baba aliniambia kwa sauti ndogo. "Kila mtu na yake."

Baba alipomaliza ile nusu ya pili, yule mama alikuwa amekwisha kumzoea. "Mzee, wewe hujui kula lakini unajua kukaa," alisema. "Mimi natafuta mtu wa kukaa. Malori yanalala hapa na mizigo, ninataka jicho la mtu mzima. Chakula juu yangu. Unaweza kukaa?"

"Kukaa ndiyo kazi pekee niliyobakiwa nayo."

Njiani kurudi nilimgombeza baba yangu. Nilimwambia lile eneo ni vumbi tupu, kila lori likipita linaingia hadi ndani ya mchuzi, na mimi mwenyewe nilikohoa. "Vumbi ndilo lililokuua, baba. Utalifuata tena?"

Alikusanya pumzi mpaka lori lilipopunguza mwendo kwenye mlima.

"Vumbi halijawahi kuniuliza ninakula na nani," alisema.

Asubuhi ya kuondoka kwake sote tulikuwa ndani, kwa kuwa nje palikuwa na baridi kali. Mama alikuwa amemfungia mayai ya kuchemsha kwenye kitambaa, na shangazi aliyaona, akageuza uso. Mama asingeweza kumfuata. Palikuwa na mashamba na wadogo zangu. Baba mkubwa aliketi kwenye kigoda, mikono kati ya magoti.

"Unawaacha watu wako kwa ajili ya sahani?"

"Nitarudi, kaka. Nikinenepa."

"Ukinenepea huko watasema sisi tulikunyima."

Baba aliokota kifurushi cha mayai. Alinifikia, akaweka kiganja kichwani kwangu, akakiondoa. Kabatini, nyuma ya mgongo wa mama, niliziona sahani zetu za bati zimepangwa, kavu, safi, zaidi ya watu tuliokuwamo. Nilitaka kuishika moja niiweke chini mbele ya baba mkubwa kwa kishindo. Nilimtazama mama, mama akamtazama baba mkubwa, na baba mkubwa alikuwa analia waziwazi, mtu mzima yule, machozi yakimfika kidevuni, na bado hakulisema lile neno, mwekeeni. Lilikuwa neno fupi. Tulikuwa sote tunalijua.

Baba alijifunga koti, akatoka. Ukungu uliingia ndani pale alipopita, wa baridi, ukafika hadi miguuni petu, na baba mkubwa akainuka, akaenda akaufunga mlango.